Sifa ya Baridi Kavu

Ni wiki ya tatu ya mwezi wa Julai, na hii ni siku ya nne jua la Nairobi halijaonekana isipokuwa kama doa jeupe lililofifia nyuma ya mawingu. Nguo nilizofua Jumapili zingali kambani, na kila jioni nikizigusa nazikuta na ubichi ule ule wa jana. Ndani ya matatu madirisha yote hufungwa, vioo hushika mvuke wa pumzi za abiria, na anayethubutu kufungua kidirisha kwa upana wa kidole husikia malalamiko kutoka viti vitatu nyuma yake. Kazini kila anayeingia husugua viganja na kusema kwamba mwaka huu baridi imezidi, kisha hunigeukia mimi, kwa kuwa wanajua niliishi miaka miwili penye theluji, akaniuliza niliwezaje. Huwa najibu kwamba sikuivumilia baridi ile bali niliipenda, na kwamba hii ya hapa, ambayo kwa kipimo ni ndogo mno, ndiyo inayonishinda. Wengi hudhani ninajisifu. Nimeona afadhali nilieleze jambo lenyewe kwa kituo.

Nilizaliwa Mombasa, ambako kipupwe ni neno la faraja. Kusi ikishika, joto la Machi husahaulika, bahari huchafuka, na wazee huketi barazani mchana bila ya kushika upepeo. Marehemu bibi yangu alikuwa akiutoa mtandio wake mzito sandukuni mwezi wa Juni kwa furaha ya mtu aliyepata habari kwamba mgeni wa kila mwaka amekwisha kushuka stesheni. Upepo ule ule, baada ya kuupita mji wetu na mzigo wake wa unyevu, huipanda bara kidogo kidogo hadi kuifikia Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Nao hupoa kadiri unavyopanda, unyevu wake ukageuka mawingu mapana ya chini ambayo hayana nguvu ya kunyesha mvua ya maana wala hayana haraka ya kuondoka. Kilichokuwa ahueni pwani kinakuwa wiki nyingi za kijivu huku.

Asubuhi za Julai kipimajoto cha Nairobi husoma nyuzi 11 au 12, na mchana usio na jua huenda usifike 18. Hiyo si baridi ya kutisha. Kinachotesa ni kwamba haina mahali pa kuishia. Nyumba zetu ni za mawe na saruji, sakafu ni vigae au simenti tupu, madirisha ni ya kioo kimoja chepesi, na juu yake kuna matundu ya hewa yasiyofungwa, kwa hiyo ndani na nje ni hali moja. Mtu huamka katika baridi, hushinda kazini ndani yake akiwa na sweta jembamba alilolivaa kwa ajili ya heshima kuliko kwa ajili ya joto, na hulala ndani yake na soksi miguuni. Hakuna saa hata moja ya siku ambayo ameingia ndani akaiacha mlangoni. Na kwa kuwa msimu ni mfupi, kila mwaka tunauchukulia kama ajali ambayo haikutarajiwa, tukingoja Septemba bila ya kubadili lolote. Ninaamini hapo ndipo penye shida. Baridi inayokanwa ndiyo inayoumiza. Baridi kamili haikubali kukanwa, na kwa sababu hiyo watu wake wamejifunza kuipokea. Nayo ikishapokelewa, ina raha ambazo sikuwahi kuzihisi katika miaka yangu yote ya joto.

Nilikwenda Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwezi wa Agosti 2017 kwa masomo. Koti nililinunua Gikomba kabla ya kusafiri: koti refu la buluu iliyokolea, lililojaa manyoya ya bata, ambalo muuza mitumba aliniachia kwa bei ndogo kwa sababu lilikuwa limening'inia kibandani mwake muda mrefu bila ya kupata mtu. Nilipofika kule na kuona makoti ya namna ile kila kona, nilitambua kwamba nilikuwa nimelirudisha kwao.

Hata hivyo koti peke yake halikunisaidia. Mwezi wa Novemba, kabla baridi haijawa baridi, nilikuwa nikitetemeka njia nzima kutoka bwenini hadi maktaba. Karibu na chuo kuna mtaa wa Cedar-Riverside, wenye Wasomali wengi, na baadhi yao walipitia Kenya, kwa hiyo Kiswahili si kigeni madukani mwao. Mzee mmoja aliyewahi kuishi Eastleigh miaka mingi alikuwa na duka la nguo lenye birika la chai ya viungo pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwa muda.

"Binti, umevaa nini chini ya koti hilo?"

"Fulana, mzee. Ya pamba."

"Pamba iache nyumbani. Pamba hunywa jasho, na jasho likipoa mwilini ndilo linalokuua. Baridi ya hapa haizuiwi kwa uzito wa nguo, huzuiwa kwa hewa."

Akanifundisha tabaka tatu. Ya kwanza hugusa ngozi, nyembamba, ya sufu laini au ya nyuzi zisizoshika maji. Ya pili ni ya sufu nene au ya manyoya, ambayo kazi yake ni kuteka hewa na kuituliza ili mwili uipashe joto. Ya tatu ni ya kuuzuia upepo usiipokonye hewa hiyo. Aliniambia pia niachane na glavu zenye vidole, nivae zile zinazovikusanya vidole vinne chumba kimoja, kwa kuwa vidole vikikaa pamoja hupashana joto, na kwamba viatu vinavyobana, hata viwe vizuri namna gani, ni adui, maana hufinya damu na kuitoa ile hewa. Nililipa, nikanywa chai yake, na kuanzia siku ile sikutetemeka tena mpaka nilipoiacha nchi ile.

Ningependa msomaji aelewe furaha iliyokuwamo katika kuvaa kwenyewe. Ilichukua dakika kumi kila asubuhi, na haikuwezekana kuiharakisha: soksi juu ya soksi, boshori kuvutwa hadi kwenye nyusi, shali kuzungushwa mara mbili, zipu kupandishwa hadi kidevuni. Mtu aliyevaa namna ile hutoka nje akiwa amejiandaa kama msafiri, hata kama anakwenda kununua mkate. Kisha mlango unafunguliwa, na pumzi ya kwanza inaingia. Nyuzi zikishuka chini ya sifuri kwa 20 hivi, vinyweleo vya puani huganda kwa pumzi ile ile moja, mtu akahisi kijikwaruzo kidogo kisichouma, na hewa hushuka kifuani ikiwa safi kuliko kitu chochote nilichowahi kukivuta. Usafi huo si wa mawazo tu. Hewa ya nyuzi 12 inaweza kubeba gramu 10 hivi za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri haiwezi kubeba hata nusu gramu. Ule unyevu unaoloweka mashuka yetu mwezi wa Julai haupo. Shuka likianikwa nje kule huganda likasimama kama ubao, kisha barafu yake huyeyukia hewani bila ya kupitia hali ya maji, na shuka hukauka likiwa bado katika baridi. Nililijaribu jambo hilo mwenyewe, kwa kuwa sikulisadiki.

Na mwanga! Nilikuwa nimefikiri kwamba baridi kali na kiza ni ndugu, kwa kuwa hapa Nairobi siku ya baridi ni siku ya mawingu. Kule ni kinyume. Siku za baridi kuliko zote ndizo zilizokuwa na anga tupu ya buluu, maana usiku usio na mawingu huliacha joto la ardhi lipotee juu. Jua lilikuwa chini, kali na jeupe, theluji ikilirudisha kutoka pande zote, na asubuhi kadhaa niliona jambo ambalo mara ya kwanza lilinisimamisha barabarani: jua katikati, na kila upande wake, kwa umbali wa nyuzi 22, jua dogo jingine lenye ukingo mwekundu. Ni fuwele bapa za barafu zinazoelea hewani zikiupinda mwanga. Watu waliokuwa wakingoja basi walilitazama kidogo wakaendelea na mambo yao. Mimi sikuwahi kulizoea.

Sauti nazo hubadilika. Theluji mpya ina matundu mengi mno, nayo humeza kelele, hata mji wenye magari unasikika kama chumba kilichotandikwa mazulia. Lakini chini ya kiatu theluji ya baridi kali hulia. Ikiwa karibu na kuyeyuka hunyamaza, kwa sababu punje zake huteleza; ikiwa kavu na ngumu, punje husagana na kuvunjika, na mlio wake ni ule wa unga wa muhogo ukibanwa kwa vidole. Nilijifunza kukadiria nyuzi kwa kusikiliza hatua zangu.

Wiki za kwanza nilidhani theluji ni pamba isiyo na umbo, mpaka siku moja ya Desemba chembe zilipotua kwenye mkono wa koti langu la Gikomba na kukaa bila ya kuyeyuka. Koti lilikuwa la rangi iliyoiva, na kwa kuwa halikuvujisha joto langu nje, lilizihifadhi kama sahani ya kioo cha maabara. Kila moja ilikuwa nyota ya pembe sita, yenye matawi juu ya matawi. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, alianza kuzipiga picha chembe hizi kupitia hadubini mwaka 1885, akaendelea kwa maisha yake yote mpaka akawa na picha zaidi ya 5,000. Mjapani Ukichiro Nakaya alifaulu mwaka 1936 kuikuza fuwele ya theluji katika maabara yake kule Hokkaido, na kazi yake ikaonyesha kwamba umbo hutegemea nyuzi na unyevu wa mahali ilipozaliwa: karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri huwa nyota, karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri huwa sindano. Kwa hiyo ninayeitazama chembe kwenye mkono wangu ninaweza kujua kule juu ilikotoka kulikuwa na hali gani. Nilisimama pale mpaka mwanafunzi mwenzangu akaniuliza kama nimepotea.

Raha kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ziwani. Katikati ya Januari maziwa ya mji huwa yameganda kiasi cha watu kutembea juu yake. Wenyeji hutaka barafu ngumu ya sentimita 10 kabla ya kukanyaga kwa miguu, na huipima kwa kuitoboa, hawakisii. Mtoto wa Mombasa hukua akijua kwamba maji ni kitu cha kuogelewa au kuogopwa. Kuyakanyaga kulinitia hofu ambayo iligeuka taratibu kuwa furaha ya kitoto. Wavuvi walikuwa wameweka vibanda vidogo, wametoboa matundu na kuteremsha nyuzi zao, wakiwa wamekaa juu ya viti kama wazee wa barazani. Mmoja aliniruhusu niiname nitazame tunduni. Maji yalikuwa meusi na hai. Jambo linaloyafanya maji yasifanane na vitu vingi ni kwamba huwa mazito kuliko wakati wowote yanapokuwa na nyuzi 4, na yakiganda huwa mepesi yakaelea. Ndiyo maana ziwa hufunikwa kutoka juu, na kifuniko kile kile cha barafu huwa blanketi linalowaweka samaki hai chini yake. Nikiwa pale, barafu ilitoa mlio mrefu uliokimbia kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, kama waya mnene uliopigwa mara moja. Niliruka. Mvuvi alinituliza kwamba barafu hulia inapotanuka na kunywea, na kwamba ziwa linalolia hivyo katika baridi kali halina maana linavunjika. Nilirudi mara nyingi kuusikiliza.

Alfajiri ya tarehe 30 Januari 2019 nyuzi zilishuka hadi 33 chini ya sifuri. Madarasa yalikuwa yamefutwa, na posta, ambayo watu wa kule huisifu kwa kutoshindwa na hali ya hewa, haikupeleka barua siku hiyo. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjane, na kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa amebisha mlango wangu kuniuliza kama nina chakula, jirani wa kulia alikuwa amempigia yeye simu, na yeye alikuwa amempigia wa kushoto. Sijawahi kuuona mtaa wa watu wasiojuana ukijaliana namna ile. Nilitoka kwa dakika chache, uso ukiwa umefunikwa isipokuwa macho. Kope zangu zilishikana kwa barafu, na moshi wa mabomba ya nyumba zote ulipanda wima, mweupe, bila ya kupinda, kana kwamba mji mzima umefunga pumzi.

Kisha nikarudi ndani, na hapa ndipo ninaposhindwa kuwaeleza wenzangu wa kazini. Kuingia ndani ni jambo lisilokuwapo Nairobi. Unafunga mlango wa kwanza, unafungua wa pili, miwani inaingia ukungu, mashavu yanawaka, vidole vinauma kidogo damu inaporudi, na joto la nyumba linakukumbatia kama shangazi uliyekuwa hujamwona tangu utotoni. Kuta zilikuwa nene, madirisha yalikuwa na vioo viwili, na chini ya dirisha bomba la maji ya moto lilinong'ona mchana kutwa. Siku ile nilipika maharage ya nazi kwa tui la kopo na chapati za mafuta mengi, nikamshushia mwenye nyumba sahani yake, tukala tukiitazama theluji ikipeperushwa juu ya paa la jirani. Chai yangu ya tangawizi haijawahi kuwa na ladha ile, wala sidhani ilikuwa ni tangawizi.

Sisemi hivi kwa kusahau kwamba baridi ile huua. Raha ninayoisimulia ni ya mtu mwenye koti, mlango na bomba la moto, na asiyekuwa navyo anakutana na kitu kingine kabisa. Vivyo hivyo hapa kwetu: kila msimu wa Julai watu hupoteza maisha kwa kulala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayomzima mtu usingizini. Msomaji, tafadhali, jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likiwa limebakiwa na majivu mekundu tu. Blanketi la pili ni salama kuliko jiko.

Tangu nirudi nimekataa kuikana baridi ya Nairobi. Ikifika mwisho wa Mei natoa mazulia, natundika mapazia mazito, na navaa tabaka zangu tatu nikiwa ndani ya nyumba bila ya kuona haya, kwa kuwa ndani ndiko kwenye baridi. Siku za Jumamosi hutembea msitu wa Karura mapema, ukungu ukiwa bado umeshika miti, na nimegundua kwamba mwili uliovishwa sawasawa huiona nyuzi 11 kuwa ni asubuhi nzuri tu. Lakini bado naitamani ile kavu, na nchi hii inayo, ila inabidi kuipandia.

Mwezi wa Februari nilimchukua binti wa kaka yangu, mwenye miaka 16, tukaupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Wataalamu wa mimea husema kule juu ni kiangazi kila mchana na baridi kali kila usiku, na mimea yake imejijenga kulingana na hali hiyo. Ile senesio kubwa iliyosimama kama mtu bondeni huyakunja majani yake jioni na kulifunika chipukizi la katikati, na majani yake yaliyokufa hayaanguki, hubaki yakilizunguka shina kama koti. Nilimwonyesha, nikamwambia kuhusu mzee wa Cedar-Riverside. Kambi ya Shipton iko kwenye mita 4,200 hivi, na tuliondoka hapo usiku wa manane kuelekea Lenana, mita 4,985. Anga haikuwa na wingu. Karibu na kambi njia ilikuwa na sakitu, na kiatu kilipoikanyaga nilisikia ule mlio wa unga wa muhogo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilisimama. Binti alidhani nimechoka, akanishika mkono.

Tulipokuwa tukiteremka, jua likiwa limetoka lakini bado halijalifikia bonde, alichuchumaa kando ya lobelia. Mmea huo huyakusanya maji katikati ya majani yake kama bakuli, na usiku juu ya bakuli hutanda barafu. Alivua glavu akaigusa barafu kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka ikazama upande mmoja.

"Shangazi," alisema, "chini yake maji hayajaganda."